Nyasi Nzuri Zisizo na Ng'ombe

Majuzi nilikaribia kuuza mitamba wangu watatu wa kienyeji. Dalali mmoja alinikuta hapa Matuu, kando ya barabara ya Garissa, akanionyesha kwenye simu picha ya dume wa gredi aliyenona, mgongo bapa kama meza. "Ukiuza hao wako wadogo ukanunua wa damu hii," akaniambia, "ndama mmoja atakuletea bei ya watatu." Usiku ule nilipiga hesabu mpaka saa sita, na kila nilipoirudia ilitoka vizuri. Hapo ndipo niliposhtuka. Hesabu ya mifugo isiyokuwa na kifo hata kimoja ndani yake si hesabu ya mifugo. Nikakumbuka yaliyotokea Njoro, nami nayasimulia hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyeonyeshwa picha ile.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha Hugh Cholmondeley, yule tunayemjua kama Lord Delamere, ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Hakuwa mjinga wala hakuwa maskini, na bidii alikuwa nayo. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna umande na baridi ya kuvalia koti, na nyasi ni za kijani sehemu kubwa ya mwaka. Mwingereza akisimama pale huona kama yuko kwao. Basi Delamere akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya tukiwa na fedha zake: aliagiza mifugo ya kizungu. Alileta ng'ombe wa nyama kutoka Ulaya ili awazalishe na ng'ombe wa hapa, akaleta na kondoo wa merino kwa meli kutoka New Zealand. Nchi ya baridi, mifugo ya nchi za baridi. Kwa macho, mambo yalilingana kabisa.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo kila aliyepita pale aliliona na hakulitilia maanani. Nyasi zilikuwa nyingi, wafugaji hodari kuliko wote katika Bonde la Ufa walikuwa jirani, na bado Wamaasai hawakuyapenda malisho yale. Walipita wakaenda zao. Ndugu yangu, ukiona nyasi nzuri zisizo na ng'ombe, na wenye ng'ombe wako karibu, usishukuru Mungu kwanza. Uliza kwanza. Mtu haachi malisho mazuri bure. Kuna kitu amekwisha kukilipia huko nyuma, pengine kwa ng'ombe wa babu yake.

Kitu chenyewe kilikuwa udongoni. Sehemu za nchi ya Nakuru hazina kobalti ya kutosha. Ni madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini vijidudu vilivyomo tumboni mwa ng'ombe huyatumia kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo damu hupungua na mnyama hukosa hamu ya kula. Anasimama katikati ya nyasi zinazomfika magotini, anakonda, manyoya yanakuwa makavu, kisha anakufa kwa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Ugonjwa huo ulijulikana sana kule hata wazungu wakautungia jina kutokana na Nakuru yenyewe. Sababu yake haikufahamika mpaka miaka mingi baadaye. Wamaasai hawakujua neno kobalti, lakini walijua mahali pa kutolisha.

Mifugo walianza kudhoofika. Dalili ilikuwa mbele ya macho, ila mtu aliyekwisha kutumia fedha nyingi huona dalili kama bahati mbaya ya muda tu. Kondoo wa merino walikufa wengi, tena upesi. Ng'ombe wakakumbwa na homa ya mapafu, na walipohamishwa wakakutana na kupe, na kupe wakaja na ndigana kali na ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ng'ombe wa kienyeji wanaozaliwa penye kupe huambukizwa wangali ndama, na wengi hupona wakaishi na kinga. Mgeni kutoka Ulaya hana kinga hiyo. Delamere alibaki akihamisha mifugo na kuanza upya, akasogea hadi Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Alipofariki mwaka 1931 aliacha madeni makubwa ya benki, ingawa haki niseme kwamba si mifugo peke yao waliomwingiza katika deni.

Linaloniuma zaidi ni hili. Wamaasai, waliokuwa na jibu, hawakuwa mbali. Na badala ya kuulizwa, mwaka 1904, mmoja tu baada ya Delamere kukodishwa Njoro, waliwekewa mkataba ulioanza kuwaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Ni vigumu kumuuliza mtu unayemfukuza.

Walowezi waliodumu katika ufugaji wa ng'ombe wa nyama walitafuta msaada kaskazini. Walinunua Boran, ng'ombe wenye nundu wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wakachagua walio bora kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa Boran. Leo mbegu ya Boran imefika hata Australia. Ng'ombe huyo alikuwepo muda wote, akitembea na kiu yake huko jangwani, wakati watu walikuwa wakilipia nauli ya meli.

Unaweza kusema hayo ni ya zamani. Basi tazama Uganda. Mwaka 2007, katika mkutano wa FAO kule Interlaken, Uswisi, wataalamu wa ILRI walieleza kilichotokea wakati wa ukame: wafugaji waliobaki na Ankole, wale wenye pembe ndefu, waliweza kuwaswaga mbali mpaka kwenye maji. Waliokuwa wamewauza Ankole wao wakanunua ng'ombe wa kigeni walipoteza zizi zima, kwa sababu mnyama mzito wa maziwa mengi hawezi mwendo ule. Huyo wa kigeni hakuwa mbaya. Alikuwa mbali na chakula chake na daktari wake.

Sasa turudi kwetu Yatta, hapa Matuu. Sisi hatuna baridi ya Njoro, lakini tuna kinachotudanganya vilevile: mtaro. Mtaro wa Yatta, uliochimbwa na mahabusu miaka ya hamsini, unatuletea maji ya mto Thika. Ukisimama kando yake, ukaona maembe na mboga na nepia, ni rahisi kujidhania uko Kiambu. Tembea kilomita chache kutoka kwenye maji, mwezi wa tisa, uone rangi ya nchi. Ng'ombe wa gredi anastawi Githunguri, kule Kiambu, kwa sababu kuna nepia, josho, daktari wa mifugo na mnunuzi wa maziwa asubuhi na mapema. Ukimleta hapa bila hivyo vinne umeleta mwili wake tu.

Wazee wetu wa Ukambani waliipa njaa ya 1984 jina la *nikw'a ngwete*: ninakufa huku nimeshika pesa. Pesa zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Mwenye ng'ombe mkubwa huishi hivyo kila kiangazi kikirefuka, maana nyasi kavu hazipatikani kwa bei yoyote siku ambayo kila mtu anazitafuta. Zebu wetu mdogo mwenye nundu anadharauliwa mnadani kwa uzito wake, lakini anakula kidogo, anatafuna hata majani ya vichaka na anatembea.

Sisemi tusiboreshe. Mimi mwenyewe natamani ndama wazito, na dume wa Boran au Sahiwal juu ya zebu wetu ni hatua isiyotutoa mbali na nchi yetu. Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga nayo ipo. Muulize daktari wa mifugo kabla ya kununua, si baada ya ng'ombe kuvimba tezi. Ninachoogopa ni kuuza wale wa zamani wote kwa mara moja, kama nilivyotaka kufanya usiku ule, halafu mvua ikikosa nisiwe na mtamba hata mmoja wa kuanzia upya. Acheni wawili watatu zizini, jamani, hata kama majirani watawacheka.

Dalali amenipigia simu mara mbili tangu siku ile. Nimemwomba jambo moja tu: anipeleke kwa mwenye dume yule mwezi wa tisa, kabla vuli haijanyesha, nikaone anakula nini na anakunywa wapi. Hajanijibu bado.