Hendibreki Ipo, Gia Ipo

Kisa nimekitunga, lakini ufundi wake si wa kutunga. Waulize wanaolala chini ya magari.

Canter ilikuwa inatoka bonde la Bugwema, Musoma Vijijini, imebeba mahindi. Bondeni ni tambarare, na dereva anaweza kuishi huko miaka bila kuijaribu hendibreki yake. Mambo hubadilika barabara inapoanza kupanda kati ya vilima vya mawe. Hapo ndipo tairi la nyuma kushoto lilipopasuka, gari likitazama juu na mzigo wote ukilalia nyuma.

Dereva hakuwa mzembe. Alivuta hendibreki mpaka mwisho, akazima injini, akaingiza gia namba moja. Utingo wake akatupia macho mawe ya kando, ambayo pande zile hayahitaji kutafutwa.

“Kaka, niweke jiwe?”

“La nini, dogo? Hendibreki ipo, gia ipo. Lete jeki.”

Jeki ikaingia, gari likaanza kunyanyuka. Tairi lilipoachana na ardhi tu, Canter ikarudi nyuma. Haikwenda mbali: jeki ikaanguka, tairi likarudi chini kwa kishindo, na gari likasimama tena lenyewe. Lakini jeki ilishamgonga utingo mguuni na mfupa ukavunjika. Kijana akapelekwa hospitali Musoma. Dereva alipochungulia ndani alikuta hendibreki bado imevutwa na gia bado imo. Kwa mambo ya namna hii watu huanza kumtafuta mchawi.

Mchawi ni difu, inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma. Katika Canter nyingi na malori mengine madogo ya aina hiyo, hendibreki haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya giaboksi, yaani inaizuia propela, shafti inayokwenda kwenye difu, isizunguke. Gia nayo, injini ikiwa imezimwa, inaizuia propela hiyo hiyo. Kwa hiyo dereva aliyedhani ana kufuli mbili alikuwa amezifunga zote kwenye kitasa kimoja. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakikanyaga ardhi, hakuna tatizo. Ukinyanyua moja, difu inaliruhusu la hewani lizunguke upande mmoja na la chini lizunguke upande wa pili, huku propela imetulia kabisa. Magurudumu ya mbele hayana habari, maana hendibreki hiyo haiyafikii. Fundi akichomoa shafti ya ekseli gari likiwa mlimani, ni yale yale, na hapo halisimami lenyewe.

Dereva wetu alikuwa ametokea kwenye tipa kubwa la breki za upepo. Kule, ukivuta kishikio cha kuegeshea, upepo unatolewa na springi nene zinabana breki kwenye magurudumu yenyewe ya nyuma. Ukinyanyua moja, mengine bado yameshikwa. Alichojua kilikuwa kweli, ila kwa gari jingine. Mimi namwogopa zaidi dereva wa namna hii kuliko mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi angekubali jiwe.

Na uzito si wa kubembelezwa. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, gari la tani 8 linavutwa chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800, sawa na magunia manane ya kilo mia. Nguvu hiyo haipumziki dereva anapokwenda kunywa chai. Tarehe 24 Juni 2002, nguvu hiyo hiyo iliirudisha kinyumenyume treni ya abiria mlimani mkoani Dodoma, ikaongeza kasi yenyewe mpaka ikagongana na treni ya mizigo pale Igandu. Walikufa watu 281.

Kwa Canter iliyojaa, jambo la kwanza ni kutoegesha mlimani kama tairi linaweza kujikongoja hadi tambarare. Tairi lililokatika ni bei ndogo. Ikishindikana, abiria na vibarua wote washuke kutoka juu ya mzigo. Shika breki ya mguu, vuta hendibreki, kisha achia mguu taratibu uone kama hendibreki peke yake inalibeba gari; wengi hutia gia kwanza, na hawajui kamwe kama hendibreki yao imekufa. Ndipo uzime injini, utie gia namba moja ukitazama juu, rivasi ukitazama chini. Usukani ukate kushoto, ili gari likiponyoka lijigonge kwenye tuta la barabara. Kama kushoto ni korongo, hapo si mahali pa kuegesha.

Mawe yawekwe kabla ya jeki, upande wa chini wa mteremko, kwenye magurudumu yanayobaki ardhini: ya mbele yote mawili, na la nyuma upande wa pili. Jiwe la mviringo halifai, litabingirika pamoja na gari. Tafuta lenye bapa na kona, au kabari ya mbao, uisukumize mpaka iume.

Kazi ikiisha, gari lishikwe kwa breki ya mguu kwanza, utingo ayatoe mawe akiwa amesimama pembeni, si nyuma ya gari. Ayatupe nje kabisa ya barabara. Wenye bodaboda wanaopita usiku wanayajua vizuri mno mawe yaliyoachwa na malori.