Akili Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Kila anayejitayarisha kupokea Ubatizo na Kipaimara hufundishwa mapaji saba ya Roho Mtakatifu: Hekima, Akili, Shauri, Nguvu, Elimu, Ibada na Uchaji wa Mungu. Wengi huyataja upesi, kama mtoto ahesabuye vidole vyake, wala hawasimami kuyatazama. Tazameni vema. Hekima ni paji moja, Akili ni jingine, Shauri ni jingine, na Elimu ni jingine tena. Kama hayo yote yangalikuwa kitu kimoja, Kanisa lisingaliyapa majina manne. Ni kweli, mapaji hayo ni neema, nayo yapita nguvu za mwanadamu. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha. Basi hata katika maumbile yake mtu hakupewa akili ya namna moja tu.

Neno hili lawahusu hasa wale walioshindwa na maswali ya katekisimu. Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare wako akina mama na wazee waliofuata mafundisho miaka mingi, wasikose sala ya Jumapili hata wakati wa kuvuna mpunga, na siku ya kuulizwa ulimi hukauka. Kijana aliyemaliza shule ya msingi hujibu yote bila kusita. Mama aliyemlea hunyamaza. Ndipo mama huyo husema moyoni, "Mimi sina akili, dini ni ya wasomi," akarudi shambani, asionekane tena kanisani. Hasara hiyo ni kubwa. Tena mara nyingi haitoki katika akili ya mama. Hutoka katika kipimo.

Mpunga hupimwa kwa kopo, mawese kwa chupa, na vumbi la dhahabu la Namoya kwa mizani ndogo. Atakayeipima dhahabu kwa kopo la mpunga atasema kwamba hakuna kitu.

Someni Kitabu cha Kutoka, mahali Musa anapoamriwa kuijenga Hema Takatifu. Mungu alimchagua Besaleli, akamjaza Roho yake, naye akapewa hekima na akili. Kwa kazi gani? Kufua dhahabu na shaba, kukata mawe, kuchonga mbao. Na wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, Maandiko huwasifu kwamba walikuwa na hekima ya moyo. Ikiwa ni hivyo, fundi achongaye mtumbwi wa Lualaba usioegemea upande wowote, na mama ajuaye kwa kuutazama udongo kama utazaa mpunga, hao wana akili iliyotoka kwa Mungu. Naye mzee asiyejua kusoma, ambaye hukata shauri la jamaa mbili zinazogombania shamba, zote mbili zikaondoka zimeridhika, huyo ana akili ambayo vijana wengi wa shule hawajaipata.

Wataalamu nao walijaribu kuitafutia akili kipimo. Mwaka wa 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Nia ilikuwa njema, na Binet mwenyewe alikataa wazo la kwamba akili ya mtoto haiwezi kuongezeka. Baadaye watu wengine waliichukua hesabu ile kama mhuri wa kumpiga mtu usoni maisha yake yote. Katika miaka ya 1950 vipimo vya namna hiyo vilifika hata Kongo, wakapimwa watu ambao hawajashika kalamu kamwe. Mtu apimwaye kwa chombo asichokizoea hupimwa ugeni wake tu.

Jambo hilo limethibitishwa. Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Zambia na watoto wa Manchester, Uingereza, akatoa habari zao mwaka wa 1979. Walipotakiwa kuiga maumbo kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Walipopewa nyaya za chuma, ambazo watoto wa Zambia huzitumia kutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia walishinda. Walipopewa udongo wa kufinyanga, walilingana. Watoto walikuwa wale wale! Na huko Usenge, Kenya, karibu na ziwa Viktoria, watoto waliulizwa majani ya dawa ya nyumbani. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2001. Walioyajua sana majani mara nyingi ndio waliopata alama za chini katika maneno ya shuleni. Wajaluo wa huko wana majina manne ya akili: rieko, ndiyo ujuzi, luoro, ndiyo heshima, paro, ndiyo fikira, na winjo, ndiyo kusikia na kuelewa. Shule hupima la kwanza tu.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na mkatekumeni ni wa Mtakatifu Bernadette Soubirous wa Lourdes. Mwanzoni mwa mwaka wa 1858 alikuwa na miaka kumi na minne, hajui kusoma, wala hajapokea Komunyo ya kwanza. Mlezi wake alijaribu kumfundisha katekisimu jioni, akimrudia sentensi moja mara nyingi, hata akakasirika na kumwita mjinga. Sababu ilikuwa wazi kwa mwenye kutaka kuiona: katekisimu ilikuwa ya Kifaransa, na msichana alisema lugha ya kijiji chake. Hapo mtu wa Kabambare, aliyenyonya Kibangubangu na kuulizwa kwa Kiswahili cha kitabu, atajiona mwenyewe.

Bikira Maria alipomtokea, mkuu wa polisi alimwita, akaandika maneno yake, kisha akamsomea huku akiyageuza hapa na pale ili amtege. Msichana yule aliyeitwa mjinga alimsahihisha kila mahali. Tarehe 25 Machi Bikira alimtajia jina lake kwa lugha ya kijiji: Mkingiwa Dhambi ya Asili. Bernadette hakuyaelewa maneno hayo. Aliyarudia njia nzima asije akayasahau, akayafikisha kwa padri bila kupoteza hata moja. Aliyeshindwa na katekisimu alipewa jina lile alichukue, akalichukua. Tarehe 3 Juni ya mwaka ule ule alipokea Komunyo, na mwaka wa 1933 Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu.

Hapa mvivu asishangilie! Asiyejifunza kwa sababu alilala, au alikuwa kwenye pombe, huyo hakunyimwa akili. Amenyimwa na uvivu wake. Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki havina budi kukaa kichwani na moyoni. Bernadette hakuacha kujifunza.

Na Kanisa lenyewe lapima namna gani? Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 865, yasema kwamba mtu mzima atakaye kubatizwa yapasa awe ameonyesha nia yake, amefundishwa vya kutosha kweli za imani na wajibu wa Mkristo, na amejaribiwa katika maisha ya Kikristo. Tena aonywe kuzitubu dhambi zake. Idadi ya maswali ya kujibiwa kwa kichwa haikutajwa. Basi mama aliyenyamaza aulizwe kwa lugha yake: Nani huyu msalabani? Alikufa kwa ajili ya nani? Na jirani yake aulizwe kama amepatana na mke mwenzake wa zamani.

Mapadri Weupe walifuata agizo la Kardinali Lavigerie la kuwafundisha wakatekumeni miaka minne. Kizito wa Uganda, kijana wa miaka kama kumi na minne, alikuwa bado mkatekumeni mwezi wa Mei 1886, Kabaka Mwanga alipowahukumu vijana wa baraza lake. Usiku wa kuamkia hukumu ile Karoli Lwanga, ambaye mwenyewe alibatizwa mwezi wa Novemba 1885, alichukua maji akambatiza. Wote wawili walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni.