Sadaka au deni?



Sisi wa Kagera tunajua kupokea watu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mama husimulia kwa fahari jinsi jumuiya yetu hapa Muleba ilivyochanga nguo na maharage.

Kuna hadithi nyingine haisimulii. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, jirani yetu mzaliwa wa Rwanda aliondoka usiku na watoto wake na ndoo mbili. Alikuwa mwanajumuiya kabisa. Kila mwezi alichangia kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na babu alipofariki ndiye aliyepikia waombolezaji uji. Hela zake zilibaki. Hakuna aliyezitaja.

Kwaresima iliyopita tulichangia tena wakimbizi, tena haraka! Mbona ile hela ni nzito kuitaja? Nadhani nguo zinatuacha tuwe watoaji, hela yake inatufanya wadaiwa. Zakayo alitofautisha: maskini aliwapa nusu ya mali, aliowadhulumu akawarudishia mara nne. Ni mambo mawili, jamani.

Jumapili baada ya Misa nilimuuliza katibu wetu. Akacheka kidogo, akasema daftari la zamani liko Bukoba mjini, kwa mjane wa mweka hazina. Jumamosi napanda basi kwenda kulitafuta.