Usiku Hutoa Shauri, Hautoi Fatwa

Wafaransa wana msemo ambao huujua mkubwa na mdogo miongoni mwao: "La nuit porte conseil", yaani usiku huleta shauri. Mtu akifikwa na jambo zito asijue la kufanya, mwenziwe humwambia: nenda kalale kwanza, asubuhi litakubainikia. Wakusudia kwamba ndani ya mwanadamu mna fikira zinazoendelea na kazi hali mwenyewe hana habari nazo, na huenda akaamka na jawabu ambalo jana alilitafuta kutwa asilipate.

Sisi watu wa pwani si wageni wa maana hii. Nyumba iliyopelekewa posa haijibu siku ile ile. Mzee akitakwa kuuza shamba lake husema, "Niache nilale, kesho nitakupa neno." Nasi twahadharishana kila siku kwamba haraka haraka haina baraka. Basi kama msemo wa Wafaransa ungekuwa ni wa kutufundisha subira tu, tusingekuwa na haja ya kuuandikia. Lakini ndani yake mna swali la dini na la tabia ambalo twaona limepuuzwa. Shauri lijalo usiku ni la nani, na lina amri gani juu yetu? Je, mtu aliyelala akaota, au aliyeamka na fikira mpya moyoni mwake, aweza kusema, "Nimeonyeshwa," kisha akafunga mlango wa maneno?

Asidhani msomaji kuwa hili ni swali la wenye kukaa bure. Kwa jawabu la swali hili watu huwaoza binti zao, huuza mali za urithi, huvunja shirika za biashara, na huwashuku ndugu zao wa damu.

Kwanza tukiri haki iliyomo katika msemo huu. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa mashuhuri aliyekufa mwaka 1037, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba alipokuwa kijana, kila mas'ala yalipomtatiza alikuwa akienda msikitini, akisali na kumwomba Mola amfungulie. Usiku hurudi nyumbani kwake, akaweka taa mbele yake, akasoma na kuandika. Na usingizi ukimchukua, aliyaona mas'ala yale yale katika ndoto, na mengi katika hayo yalimfunukia hali amelala.

Miaka mia nane na zaidi baadaye, Mfaransa mmoja, Henri Poincaré, mwanahesabu aliyeishi baina ya 1854 na 1912, alisimulia mambo yaliyo karibu na hayo katika kitabu chake cha 1908 kiitwacho Science et Méthode. Alipokuwa akikaa katika mji wa Caen, alishughulika kwa siku 15 na mas'ala ya hesabu. Kila siku alikaa mezani kwa muda wa saa moja au mbili, akajaribu njia nyingi, asifike popote. Usiku mmoja alikunywa kahawa kinyume na ada yake, usingizi ukamruka, na fikira zikawa zagongana kichwani mwake. Kulipokucha alikuwa amepata sehemu ya jawabu. Baada ya hayo alisafiri pamoja na wenziwe kwenda kutazama miamba na ardhi, na safari ikamsahaulisha hesabu zake. Walipofika mji wa Coutances wakataka kupanda gari la abiria. Na pale pale mguu wake ulipokanyaga kidato cha gari, ikamjia fikira kubwa aliyokuwa hakuitazamia. Hakukatiza mazungumzo aliyokuwa nayo na mwenziwe. Alikaa kitini akaendelea kuzungumza, na aliporudi Caen ndipo alipoihakiki kwa utulivu.

Wanavyuoni wa zama zetu wameujaribu msemo huu kwa vipimo. Mwaka 2004 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lübeck, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo watu walipewa hesabu ndefu yenye njia ya mkato iliyofichwa ndani yake. Wakafanya mazoezi kidogo, kisha wengine wakalala usiku na wengine wakakaa macho. Waliporudi kazini, waliolala walioigundua njia ile ya mkato walikuwa karibu 60 katika kila mia, na waliokaa macho hawakufika hata 25 katika kila mia. Kwa hivyo usiku una shauri kweli, na mwenye kulikanusha hilo amekanusha jambo lililoshuhudiwa.

Lakini tazama sharti lililoambatana na habari zote hizi. Ibn Sina alikuwa amesoma mpaka usingizi ukamshinda. Poincaré alikuwa ametoka katika siku 15 za taabu, na yeye mwenyewe akasema wazi kwamba kazi ile ya ndani haizai kitu isipokuwa imetanguliwa na kazi ya mtu aliye macho, na haitimii mpaka ifuatwe na kazi nyingine ya macho ya kuipima. Na wale wa Lübeck waliwajaribu pia watu waliolala bila ya kufanya mazoezi kwanza, na usingizi haukuwazidishia chochote katika kuigundua njia ile. Usiku haukuwapa shauri kwa sababu mchana hawakuuachia kitu cha kushauriana nacho.

Mfano wake ni mvuvi wa dema. Jioni hulitia chambo, akaenda akalitega penye mwamba anapopajua, kisha akarudi nyumbani akalala. Samaki huingia hali yeye yumo usingizini, na kwa kuingia kwao hakutia mkono wake. Lakini dema lililobakia pwani halikamati samaki. Na asubuhi, mvuvi mwenye akili hachukui kila kilichomo akakipeleka jikoni. Hutazama na kuchagua, kwa kuwa huenda pamoja na tafi na changu ameingia bunju, na bunju huua.

Dini yetu ilitufundisha utaratibu huu kabla ya Caen na Lübeck. Kumbukeni jinsi adhana ilivyoanza, kama alivyoipokea Abu Dawud na wengineo. Waislamu walikuwa Madina, wakashauriana namna ya kuwakusanya watu kwa sala. Mmoja akataja bendera, mwengine akataja baragumu, mwengine akataja kengele, wala shauri halikukatika. Sahaba Abdullah bin Zaid akaondoka pale hali jambo lile limemshughulisha, kwa kuwa aliona limemshughulisha Mtume (S.A.W.). Usiku akaonyeshwa adhana katika usingizi wake. Asubuhi hakupanda mahali akaadhini kwa amri ya ndoto yake. Alikwenda kwa Mtume akamweleza, na Mtume alipothibitisha kuwa ni ndoto ya haki, ndipo Bilal alipoamrishwa kuadhini. Yalitangulia mashauri, ukafuata usiku, na baada ya usiku ikaja asubuhi ya kupima mbele ya mwenye haki ya kupima. Ikiwa sahaba aliipeleka ndoto yake ikapimwe, sisi ni nani hata ndoto zetu ziwe hukumu kabla ya kunywa chai ya asubuhi?

Tena Mtume ametufunza kwamba ndoto ni namna tatu: iko bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, iko ya kuhuzunisha itokayo kwa Shetani, na iko ambayo ni mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoizungumza Wafaransa katika msemo wao. Na hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa nafsi huzungumza yale iliyolishwa. Usiku si mchaji Mungu, wala si mwovu. Humtumikia kila aliyeuajiri. Mwanafunzi aliyelala na mas'ala yake huenda akaamka na jawabu lake. Na mwizi aliyelala akifikiri ukuta wa jirani, naye huenda akaamka na njia ya kuupanda. Mwenye kinyongo na nduguye akalala nacho, huamka na hoja mpya juu yake, nzuri na zenye kupangika, akadhani kuwa amefunuliwa siri. Hakufunuliwa kitu. Kinyongo chake kimefanya kazi usiku kucha.

Sasa tuje kwenye jambo letu wenyewe, nalo ni istikhara. Chukua mfano wa baba aliyepelekewa posa ya binti yake, na mwenye kuposa ni mtu wa mali. Baba hakuulizia tabia ya mtu yule kwa jirani zake, hakushauriana na mama, wala hakumwuliza binti. Kutwa alikuwa akiwaza mahari na ukubwa wa harusi. Usiku akasali rakaa mbili akalala, akaota bustani ya kijani yenye maji yapitayo. Asubuhi akatangaza: istikhara imetoka njema.

Twamwuliza kwa heshima: ewe ndugu, bustani ile imetoka wapi? Wewe jioni ulitia ndani ya dema chambo cha mali, na asubuhi umelikuta lina samaki apendaye chambo hicho. Na mambo yakiharibika, binti yule akarudi nyumbani kwa machozi, ataambiwa: vumilia, ni kadari yako, hata istikhara ilitoka njema. Hivyo ndoto ya baba itakuwa shahidi dhidi ya mtoto ambaye Mtume aliamrisha aombwe ruhusa yake kabla ya kuozwa. Na aliyemnyima haki hiyo hakuwa usiku. Alikuwa ni mtu aliye macho.

Hadithi ya istikhara aliyoipokea Jabir bin Abdullah, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, yamtaja mtu aliyekusudia jambo. Yeye mwenyewe asali rakaa mbili zisizo za faradhi, amwombe Mola wake kwa ujuzi Wake na uwezo Wake: jambo hili likiwa ni la kheri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, amkadirie na amsahilishie, na likiwa ni la shari, amwepushe nalo na amkadirie kheri popote ilipo. Humo hamkutajwa ndoto, wala rangi ya kijani wala nyekundu, wala hakukutajwa kumpa mtu mwingine kitu ili akusalie na akuotee. Istikhara ni dua ya mja aliyekwisha kufikiri na kuuliza, akamkabidhi Mola wake yale asiyoyajua. Kuigeuza ikawa namna ya kupiga bao ni kuidhulumu ibada, na ni kuikimbia kazi ambayo Mungu alimpa kila mwenye akili.

Huenda mtu akatwambia: "Nyinyi mwataka kuyarudisha mambo yote kwenye akili, na kumnyima Mwenyezi Mungu fadhila ya kumwongoza mja Wake usiku." Hasha! Sisi twaamini kuwa kila uongofu watoka Kwake, uje usiku au mchana, katika sala au katika kidato cha gari. Mvuvi husema alhamdulillahi kwa samaki wake, na husema kweli, wala dema lake halimpunguzii Mungu sifa. Tunalolikataa ni mtu kumsingizia Mungu yale ambayo nafsi yake imejiamulia, ili asiulizwe wala asijibiwe. Katika sura ya Al Imran Mtume aliamrishwa ashauriane na masahaba, na akisha kuazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Mashauri yametangulia, azma ikafuata, na tawakali imekuja pamoja na azma, haikuchukua mahali pake.

Na Poincaré, ambaye alizijua fikira hizi za ghafula kuliko wengi, ametuachia tahadhari yenye manufaa. Alisema kuwa fikira ya namna hii huja na yakini kubwa moyoni, lakini yakini hiyo mara nyingine hudanganya, na kwamba aliliona hilo zaidi katika fikira zilizomjia kitandani, asubuhi au jioni, akiwa baina ya kulala na kuwa macho. Basi utulivu wa moyo peke yake hautoshi kuwa dalili. Moyo hutulia kwa haki, na hutulia pia kwa kile ulichokuwa ukikitamani.

Nasaha yetu kwa ndugu zetu ni hii. Likikufikeni jambo kubwa, msilijibu kwa hasira ya jioni. Lichunguzeni mchana: waulizeni wajuao, wasikilizeni wale ambao jambo lenyewe litawagusa, hata kama ni wadogo au wanawake wa nyumbani. Kisha salini, mwombeni Mola wenu, mlale. Mkiamka na shauri, lipokeeni kwa shukrani, mliweke mezani mbele ya sharia na mbele ya wenzenu, mlipime kama mnavyolipima shauri la mtu yeyote. Likithibiti, lifuateni. Likianguka, liacheni, hata kama lilikuja na bustani na mito.

Siku ya Kiyama tutaulizwa tuliyoyatenda tukiwa macho. Aliyelala kalamu imeinuliwa kwake mpaka aamke, kwa hivyo hakuna atakayeweza kuinua mkono akasema kuwa ni usingizi wake uliomwoza binti yule, au uliouza shamba la mayatima. Wallahu aalam.