Kumetulia

Nakuru ilipandishwa kuwa jiji Desemba 2021, na tangu hapo sisi wa Nakuru tunajiona. Kwa hivyo Eldoret, makao makuu ya Uasin Gishu, ilipopewa hati yake tarehe 15 Agosti 2024 na kuwa jiji la tano la Kenya, marafiki zangu walicheka. Jiji la mahindi na wakimbiaji? Juzi nikaamua kwenda kujionea, asubuhi hadi jioni.

Matatu ilitoka saa kumi na mbili. Timboroa baridi ilitufanya tufunge madirisha yote. Burnt Forest jua likatoka. Saa nne nilikuwa natembea kando ya Uganda Road, malori ya Malaba yakinguruma. Lakini ukiingia barabara za ndani, kelele zinabaki nyuma. Hakuna aliyenivuta mkono. Nilivuka Mto Sosiani, nikapita uwanja wa Kipchoge Keino, nikauliza njia mara tatu na kila mara nikaelekezwa bila kuombwa kitu. Kabla ya saa saba nilikuwa nishaposti: "Eldoret inadharauliwa bure. Kumetulia, manze."

Nikaingia kibanda cha chai. "Mama, huku kwenu kumetulia," nikasema, kama mtu anayetoa zawadi.

"Kumetulia, kijana wangu," akajibu akifuta meza. "Lakini kuna mwaka kulitulia hadi tukaogopa."

Hakuutaja mwaka, wala sikuhitaji autaje. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani waligeukiana, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Akaniambia majirani wake wawili walihama wiki hiyo. Mmoja hakurudi. Mwingine alirudi, na ndiye anayemletea maziwa ya chai niliyokuwa nakunywa. "Siku ya kwanza kumsalimia, nilizunguka nyumba yangu mara mbili nikitafuta maneno."

Mgeni wa siku moja huuona utulivu kama hali ya hewa: anaukuta, anaufurahia, anaenda zake. Hajiulizi nani anaugharamia. Hapa kuna mtu aliyeamua kununua maziwa kwa jirani. Pengine kuna mwingine anayenyamaza tu kwa sababu hana wa kumwambia. Mimi ninayepita barabarani siwezi kuwatofautisha hao wawili. Wote nawaona wametulia.

Basi ni wajibu wa mgeni kuuliza? Nilidhani ndiyo, nikaanza kummiminia Mama maswali. Akanikatiza. "Hata hiyo si Eldoret yote. Kunywa chai, inapoa."

Alikuwa na haki. Kumjua mtu kwa kidonda chake tu ni dharau pia, hata ukiiita huruma. Nafikiri deni la mgeni ni dogo kuliko nilivyodhani, lakini ni gumu: asiharakishe kusifu kitu asichojua kiliwagharimu nini wenyewe, na akiambiwa, asikilize bila kudai zaidi. Yale maswali mazito ayapeleke kwao.

Kwa sababu Nakuru nayo, Januari hiyo hiyo ya 2008, watu waliuana, na maelfu wakalala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho. Nilikuwa mdogo. Miaka yote hii sijawahi kuuliza nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nahoji mama wa watu Eldoret.

Tukiwa njiani kurudi nikampigia mamangu. Wale waliokuwa wanaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, walienda wapi? Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

"Njoo kwanza ule," akasema. "Hiyo ni stori ya kukaa chini."