Raka, na Shamba la Nabothi

Masomo: 1 Wafalme 21:1-16, Mathayo 5:21-24, Yakobo 3:1-12



Hapa Mzumbe tunaishi katikati ya vijana wanaojifunza sheria na utawala, na swali moja hutujia mara nyingi baada ya ibada: Je, ni haki Serikali kumwadhibu mtu kwa sababu ya maneno yake? Wako wanaosema kwamba neno ni upepo tu, basi kila mtu aachwe aseme apendavyo. Wako wengine wanaosema kwamba kuna ndimi ziwezazo kuiteketeza nchi, nazo hazina budi kufungwa.

Swali hili limetuelemea zaidi tangu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Yalitokea maandamano na vifo, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na wazazi wengi wakalala bila kujua kama watoto wao walioko mbali ni wazima. Katika ukimya ule habari za kweli hazikupata njia, lakini uvumi ulitembea usiku na mchana. Basi Mkristo aseme nini? Tufungue Biblia mahali pawili, kwa maana jibu letu halitasimama kwa mguu mmoja.

Neno "Raka"

Katika Mahubiri ya Mlimani Bwana Yesu anaichukua amri ya kutoua, na hataji kwanza upanga wala rungu, anataja mdomo. Anasema kwamba mtu anayemwita ndugu yake "Raka", yaani mtu mtupu, asiye na thamani, anastahili kuhukumiwa. Kwa nini? Kwa sababu kabla mkono haujainuka juu ya jirani, ulimi umekwisha kumvua ubinadamu wake. Ukimwita mtu mdudu leo, kesho hutaona vibaya kumkanyaga.

Mwaka 1993 nchini Rwanda ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki uliopendwa, na watangazaji wake walijua kuchekesha. Katikati ya muziki na kicheko, Watutsi waliitwa mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipo. Katika muda wa siku mia hivi waliuawa watu wapatao 800,000. Wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha iliwahukumu watu watatu Desemba 3, 2003: wawili walioianzisha redio hiyo, na mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo. Ilitenga pia maneno ya chuki na wito wa kuua, ikisema si kitu kimoja. Lakini haikurudi nyuma katika hili: matangazo ya redio ile wakati wa mauaji yalikuwa ni kuchochea mauaji wazi wazi.

Majirani zetu wa Kenya nao walionja uchungu huo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,000, na mwaka 2008 Bunge lao likatunga sheria inayokataza maneno ya kuchochea chuki ya kikabila.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila sheria ya kuzuia ulimi ni dhuluma. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Lakini wahenga hao hao walisema ulimi unauma kuliko meno. Yote mawili ni kweli, na hekima ni kujua lini lipi linahusika.

Shamba la Nabothi

Sasa tugeukie somo la pili. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, naye Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hakutuma wauaji usiku. Alitumia sheria. Aliwaandikia barua wazee wa mji, ikatangazwa siku ya kufunga, wakaletwa mashahidi wawili kama Torati ilivyoagiza. Mashitaka yalikuwa kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu, na Nabothi akapigwa mawe hata akafa. Hatusomi kwamba mzee hata mmoja aliuliza, "Hayo maneno aliyasema lini, na mbele ya nani?"

Angalieni jinsi mashitaka mawili yalivyofungwa kamba moja: kumtukana Mungu na kumtukana mtawala. Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kwa hayo mawili. Mbele ya Kuhani Mkuu liliitwa kufuru (Mathayo 26:65). Mbele ya Pilato likageuzwa kuwa kupotosha taifa (Luka 23:2). Kanisa ambalo Bwana wake aliuawa kwa makosa ya ulimi halina budi kuwa na hadhari kila linapoomba wengine wafungwe midomo.

Milima yetu ya Uluguru inalo somo lake pia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilionekana njema. Lakini wakulima walisema kazi ile inaleta juu udongo usiozaa. Maafisa walidhani malalamiko hayo yanapandwa na wanasiasa, wasiyape uzito. Julai 1955, upande wa Matombo, umati ulirusha mawe, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango wote ukaachwa. Kama wangewasikiliza wenye majembe mapema, mtu yule asingekufa. Neno lililonyimwa mlango lilitoka kama jiwe.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, Mwalimu Nyerere alishitakiwa Dar es Salaam kwa kashfa, kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU iliyowalaumu Wakuu wa Wilaya wawili. Alipatikana na hatia, akatakiwa kulipa faini ya pauni 150 au kufungwa miezi sita. Mtu aliyehukumiwa kwa kalamu yake ndiye aliyekuja kuwa Baba wa Taifa.

Baada ya Uhuru tatizo hilo halikutuacha. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliishika nafasi yake, na mwaka 2017 magazeti ya Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa. Yaliruhusiwa tena Februari 2022. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinapingana na Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge letu likafanya marekebisho. Nayo Katiba yetu, katika Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake na haki ya kupata habari.

Makanisa nayo yameguswa. Mwaka 2018 maaskofu wa Kilutheri walitoa waraka wa Pasaka uliosema juu ya hali ya nchi. Baadaye walipelekewa barua ya kuwataka waufute katika siku kumi. Mwezi Juni Waziri mwenyewe alisema barua ile si halali, na Msajili wa Vyama akasimamishwa kazi. Na sisi Waanglikana hatuwezi kumsahau Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Tarehe 16 mwezi huo huo aliuawa, na serikali ile ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Barua ya maaskofu haikumwita mtu mende. Ilimkumbusha mtawala kwamba raia ni watu. Hata hivyo aliyeuawa alikuwa mwandishi wa barua.

Na jirani wa dini nyingine?

Hapa ndipo mtihani wetu ulipo, wapendwa. Ni rahisi kumlilia Luwum kwa kuwa ni wetu. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inakataza kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mwingine. Tunaifurahia inapotulinda sisi, nasi tunazo sababu za kutaka ulinzi. Oktoba 2012 huko Mbagala ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani ulipokwisha kuenea midomoni mwa watu, makanisa kadhaa yalishambuliwa.

Lakini hapa hapa Morogoro, Agosti 2013, Sheikh Ponda Issa Ponda alijeruhiwa baada ya mkutano, kisha akashitakiwa kwa makosa yaliyohusu pia maneno ya kuumiza hisia za dini. Kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili. Novemba 2015 Mahakama ya Hakimu Mkazi Morogoro ilimwachia huru. Si lazima tukubaliane na mahubiri yake ili tufurahi kwamba mahakama ilipima ushahidi kabla ya kutoa hukumu. Wazee wa mji wa Nabothi hawakufanya hivyo. Haki anayonyimwa Sheikh leo, kesho itapungua kwa Mchungaji.

Basi tupime kwa vipimo vitatu.

Kwanza, neno hili linamwelekea nani? Neno linalomkemea mwenye nguvu kwa kazi yake si sawa na neno linalomkabidhi mnyonge kwa wenye marungu. Nathani alimkemea Daudi, na Daudi hakumfunga. Mtawala anayeweka lawama na uchochezi katika kapu moja anajinyima Nathani wake.

Pili, neno hili linaita mkono uinuke? Kukosea, kuudhi, hata kukufuru, hayo tunayajibu kwa neno jingine, kama Gamalieli alivyoshauri Baraza liwaache Mitume. Jambo likiwa la wanadamu litaanguka lenyewe. Lakini anayewaambia watu, "Wale kule si watu, nendeni mkawamalize," huyo hatoi maoni tena. Ameshika upanga kwa mkono wa mwenzake, na dola inayo haki ya kumzuia.

Tatu, je, tungeikubali sheria hii ikishikwa na mtu asiyetupenda? Kama jibu ni hapana, basi tusiiombe kwa ajili ya adui zetu. Haya tunawaambia hasa ninyi vijana mnaosoma hapa Mzumbe. Baadhi yenu mtakuwa mahakimu, wengine mtakuwa Wakuu wa Wilaya, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Siku mwananchi atakaposimama mkutanoni kukuuliza juu ya maji au dawa, na damu ikakupanda, kumbuka barua za Yezebeli. Ziliandikwa kwa jina la mfalme na kutiwa muhuri wake.

Kazi ambayo sheria haiwezi

Hata sheria nzuri kabisa inafika tu pale neno limekwisha kutoka. Yakobo anatuambia kwamba ulimi hapana mwanadamu awezaye kuufuga. Na jela haijaufuga bado. Kazi ya mapema zaidi ni yetu.

Waluguru na majirani zao wanajua utani. Msibani mtani huja na kusema maneno ambayo mgeni akiyasikia angetaka kuita polisi. Lakini mtani huyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuwahudumia wafiwa. Amepewa ruhusa ya kusema kwa sababu amefungwa na wajibu wa kuzika. Hekima hii ya wazee tusiipoteze. Anayetaka uhuru wa kumsema jirani kwa ukali, awe tayari pia kumbeba.

Siku hizi neno halisubiri msiba wala baraza. Linaingia katika simu usiku, limetumwa na mtu usiyemjua, juu ya watu wa dini fulani, kabila fulani, chama fulani. Na kwa kidole kimoja linakwenda kwa kwaya nzima, na kwa Umoja wa Akina Mama. Yatupasa tujiulize mambo machache kabla ya kulipitisha: Je, ni kweli? Je, ningelisema mbele ya mtu huyo, mezani kwake? Je, akipigwa kesho kwa sababu yake, mimi nitakuwa na mikono safi? Neno lililoshindwa mtihani huo life katika simu yako.

Wala tusikimbilie ukimya tukidhani ni utakatifu. Mithali 31:8 inatutaka tufumbue kinywa kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Wako wajane wanaonyang'anywa mashamba katika vijiji vyetu, nao hawana redio wala gazeti. Mkristo anayenyamaza hapo hajafuga ulimi wake. Amewaacha wazee wa mji wakusanye mawe.

Tuombe basi wiki hii nyumbani mwetu: Bwana aweke mlinzi vinywani mwetu tusimwite mtu "Raka", awape watawala wetu masikio ya Daudi, awape mahakimu wetu ujasiri wa kuuliza swali ambalo wazee wa Nabothi hawakuuliza, awafariji waliofiwa, na atupe sisi kusema kweli kwa upendo, hata kwa wale wasiotupenda.

Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.