WAZO LA LEO: Mwalimu wa jukwaani

Mwimbaji wa Kongo Tshala Muana, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1958, hakuanza kwa kuimba. Mwaka 1977 alikuwa mnenguaji katika kundi la M'Pongo Love, mwimbaji aliyemzidi umri kwa takriban miaka miwili tu. Anayenengua nyuma ya mwimbaji huona mengi: pumzi inavyotunzwa, watazamaji wanavyoshikwa. Lakini zamu yake ilipofika, Tshala hakugeuka kivuli cha M'Pongo. Alichukua mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai, akaipandisha jukwaani hadi akaitwa malkia wa mutuashi. Kijana unayetaka kuimba na kucheza, usingoje mwalimu mwenye mvi. Mtafute aliyekutangulia hatua mbili, umwige bidii. Mtindo uutoe kwenu.